Bajeti Isiyo na Kuanguka

Mdogo wangu aliponiletea bajeti yake ya msimu wa mashindano ya pikipiki, niliisoma mpaka chini, nikaigeuza nyuma kuona kama kuna akili iliyobaki huko, kisha nikamuuliza kama alipoiandika alikuwa macho. Upande wa mapato alikuwa ameweka zawadi ya ushindi mara sita. Mashindano yenyewe ni sita. Yaani mtu ambaye tangu aanze kushindana hajawahi kumaliza juu ya nafasi ya tisa alikuwa amejigawia ushindi wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, na akaupigia mstari kwa rula.

"Dada, lazima mtu awe na imani," akasema.

"Imani ipeleke kwenye ibada. Hapa tunajumlisha."

Mimi ni keshia katika duka la vifaa vya ujenzi. Nakaa nyuma ya kioo siku nzima nikiwatazama wanaume wazima wakinunua saruji nusu ya wanayohitaji, kwa sababu hesabu waliyopiga ni ya nyumba waliyoiota. Kwa hiyo ujinga wa bajeti naujua kwa harufu. Mdogo wangu ni fundi wa vigae, na ni fundi mzuri, siwezi kumnyima haki yake. Lakini Jumapili huvaa suti ya ngozi aliyouziwa na mtu mnene kuliko yeye, akapanda pikipiki yake, na wenzake humwita Radi. Radi! Huyu nimemjua tangu anatambaa. Radi gani inaamshwa mara tatu ndipo iende kuoga?

Tulikuwa jikoni kwake, kwenye meza ambayo mkewe hukandia unga. Mkewe alikuwepo, mikono ndani ya beseni. Alikuwepo pia mtu mmoja aliyejileta mwenyewe kuja kumtetea: Mwenyekiti wa klabu yao, muuza vipuri, mwenye jaketi la ngozi ambalo halivui hata jua likiwa la utosi. Alikuwa anatokwa jasho mpaka masikioni, na bado anajiona.

Wifi yangu huoka mikate na skonzi. Tanuri lake ni la pipa lililolazwa, ambalo mikate ya nyuma huungua, ya mbele huwa mibichi, na ya katikati hungoja kudra. Kwa pipa hilohilo alijipatia sifa, mpaka mama msimamizi wa jiko la shule ya bweni akamwahidi kwamba akiwa na tanuri kubwa kabla shule haijafunguliwa, mikate ya asubuhi ya shule nzima itakuwa yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha wifi kilikuwa kimefika shingoni. Mwili wa tanuri ulikuwa tayari kwa fundi wa kuchomelea. Vilibaki mlango, rafu na matofali ya ndani, na akiba ya kuvinunua ilikuwepo. Akiba hiyo ndiyo Radi alitaka kuiazima.

"Naazima tu," akasema. "Nina kazi ya sakafu ya zahanati. Nikiimaliza wananilipa, narudisha yote kabla shule haijafunguliwa. Tanuri halipotei, linachelewa kidogo."

Nikaanza kusoma kwa sauti. Wifi si mwanamke wa maneno mengi, lakini kila nilichosoma alikitafsiri bila kuinua uso kutoka kwenye beseni.

"Matairi mawili mapya."

"Mlango," akasema.

"Ada ya kujiandikisha, msimu mzima."

"Rafu."

"Mnyororo, oili, petroli, gari la kubebea pikipiki."

"Matofali."

Kufika mwisho wa karatasi, tanuri zima lilikuwa limepanda pikipiki. Mwenyekiti akacheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Na kuanguka?" nikauliza. "Mstari wa kuanguka uko wapi?"

Ungedhani nimemwaga maji ya moto. Mwenyekiti aliruka, mkono ukapapasa kutafuta chuma, akakamata mpini wa sufuria. Mdogo wangu alirudi nyuma mpaka mlangoni, akashika bawaba. Wakabaki hivyo, mmoja na sufuria, mmoja na bawaba, wakinitazama kama mchawi.

"Dada! Hilo neno sisi hatulitaji!"

"Neno gani? Kuanguka?"

Wakashika tena.

Mwenyekiti ndiye aliyenielewesha, kwa upole ule wa mtu anayemfundisha mtoto. "Mwenzetu mmoja aliwahi kuliandika kwenye bajeti yake. Shindano la kwanza tu, kona ya kwanza, likampata. Mguu wake una vyuma mpaka leo. Tangu siku ile haliandikwi, halitamkwi, na mtu akilitamka unagusa chuma."

"Asubuhi ya siku hiyo, huyo mwenzenu alikunywa chai?"

"Nadhani alikunywa."

"Mbona chai mnaendelea kunywa?"

Mwenyekiti huyu ndiye mtu ambaye ukutani kwa duka lake alichoresha kwa rangi nyekundu ile methali ya kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Baada ya mwiko wao kuanza, alilifunika neno moja kwa doa jeusi. Sasa mpita njia husoma "Kujikwaa si", anakutana na doa, halafu "bali ni kwenda mbele". Wageni hudhani rangi ilimwagika.

Nikarudi kwenye karatasi. "Na hii sehemu ya ada iliyoandikwa 'mfuko' ni ya nini?"

Mwenyekiti akakohoa. "Ni ule mfuko... wa mambo yale."

Nilimkamua kama chungwa. Waanzilishi wa klabu, watu wenye akili kuliko waliowarithi, waliweka mfuko wa walioanguka. Kila mwanachama anachangia. Atakayeanguka analipiwa pikipiki, hospitali, na kazi aliyoikosa. Sharti lake ni moja tu: asimame mbele ya wenzake, aseme kwa kinywa chake kwamba ameanguka. Waliliweka kwa sababu mmoja wao aliwahi kudai alipwe kwa pikipiki iliyogongwa na geti la nyumbani kwake. Sharti la busara. Kisha ukaja mwiko, na tangu hapo mfuko unaingiza tu, hautoi. Watu wanaochechemea, watu wenye vyuma miilini, wanachangia kila msimu sanduku ambalo hawawezi kulifungua, kwa sababu ufunguo wake ni neno wanaloliogopa. Nimeona mengi nyuma ya kile kioo changu, lakini hilo sikuwa nimeliona.

"Basi angalau weka kitu kando," nikamwambia mdogo wangu. "Usiandike ni cha nini. Ukianguka, vigae vya zahanati utaviweka kwa meno?"

"Ukikiweka kando unakiita," akasema, mkono bado kwenye bawaba.

Wifi alikuwa ameacha kukanda. Alimtazama mumewe, na mimi nikaona anachokitazama. Wanawake wengine huolewa na mtu kwa sababu ya kazi yake au tabia yake. Huyu, kwa kauli yake mwenyewe, aliolewa kwa sababu Jumapili moja alimwona mtu akipita kwenye vumbi huku anacheka ndani ya helmeti, na hakuwahi kuona mtu mzima akifurahi vile.

"Chukua," akasema. "Lakini tanuri langu lirudi."

Moyoni nilimwita mjinga. Sijalifuta hilo neno mpaka leo, nimelipunguza makali tu.

Shindano la kwanza Radi alikuwa wa kumi na moja. La pili, wa kumi. Alirudi nyumbani akisema anapanda ngazi. La tatu tulikwenda wote. Uwanja wao ni shamba la mtu aliyeshindwa kulima, limezungushiwa kamba na matairi mabovu, na mvua ilikuwa imenyesha. Watu wazima, mmoja kinyozi, mmoja mwalimu wa hesabu ambaye angepaswa kujua zaidi, walizunguka kwenye tope kwa kelele za kupasua masikio, kisha wakarudi pale walipotokea. Hilo ndilo shindano. Unatumia mlango wa tanuri kwenda mahali ulipokuwa.

Lakini nitasema ukweli: mzunguko wa mwisho Radi alikuwa wa saba, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya kreti napiga kelele. Wa saba! Angetulia pale, angemaliza wa saba na kutusimulia mpaka kufa kwake. Akamwona wa sita mbele yake, akataka kumpita kwenye kona ya mwisho. Pikipiki ikaenda kushoto, yeye akaenda kulia, na wote wawili wakafika chini.

"Pole!" nikapiga kelele. "Pole, mdogo wangu!" Ndivyo mdomo ulivyo. Hata mtoto wa adui akijikwaa mbele yako, mdomo husema pole kabla moyo haujaulizwa. Watu wote pembeni ya kamba walisema pole.

Akainuka, tope mpaka kwenye kope, mkono mmoja unaning'inia kama mkono wa shati. "Pole ya nini?" akafoka. "Nani ameanguka? Sijaanguka! Pikipiki imelala!"

"Imelala tu," Mwenyekiti akaitikia upesi, akishika nguzo ya chuma iliyofungiwa kamba.

Wifi alikuwa amefika karibu yake, mdomo wazi, pole yake iko kwenye ulimi. Aliufunga mdomo. Nilimwona akiimeza.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini ndugu yangu hata methali huitimiza nusu nusu: alivunjika mtulinga. Hospitali daktari akamuuliza ilikuwaje.

"Nilishuka kwenye pikipiki," Radi akasema.

"Ilikuwa inakwenda wakati unashuka?"

"Kidogo."

Daktari alinitazama mimi, nami nikatazama dari. Alimfunga bandeji begani, akamwambia asiinue kitu kwa wiki kadhaa. Watu wa zahanati walisikitika, walisubiri siku chache, kisha wakampa sakafu yao fundi mwingine, maana wagonjwa hawawezi kulala juu ya udongo wakimngoja Radi. Uma wa mbele wa pikipiki ulikuwa umepinda, na alichobakiza kiliishia hospitali. Akiba ya wifi ikawa imekwisha, na kazi ya kuirudisha imekwenda kwa mwingine, na shule inakaribia kufunguliwa. Vyote kwa mstari mmoja ambao bwana mkubwa aliogopa kuuandika.

Lakini mfuko ulikuwepo. Nilimkumbusha mimi. Wifi alivaa tu vizuri siku ya mkutano wa klabu, akafuatana nasi.

Wanakutana kwenye stoo iliyo nyuma ya duka la vipuri, wamekaa juu ya makreti na madumu ya oili. Wake zao hawafiki pale, kwa hiyo tulipoingia walijibanza kama wanafunzi waliofumaniwa. Mwenyekiti alipitia mambo mengine yote kwanza. Alizungumzia bendera mpya. Alizungumzia maji ya kunywa. Mwishowe akasema, akitazama viatu vyake, "Kuna mwenye jambo kuhusu... ule mfuko?"

Radi akasimama. Mkono umefungwa kifuani, uso umesawijika.

"Kama mnavyojua," akasema, "shindano la tatu pikipiki yangu ililala."

"Ililala," wenzake wakaitikia kama watu wa msibani.

"Masharti yanataka... maneno mengine," Mwenyekiti akasema.

"Nilitengana nayo."

"Bado, ndugu yangu."

"Nilifika chini kabla yake."

Yule mwenye vyuma mguuni alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma, amekamata nati mkononi tayari. Nilimwona mdogo wangu akifungua mdomo tena. Neno lilifika mpaka menoni, jamani, nililiona. Wenzake wote wakanyoosha mikono kutafuta vyuma. Akawatazama wale watu, akafunga mdomo.

"Hapana," akasema. "Sikufanya hivyo. Pikipiki ililala, basi."

Mwenyekiti akashusha pumzi kama aliyeponea chupuchupu. Ndipo wifi akasimama kutoka kwenye kreti lake. Hakupaza sauti, na kwa sababu hiyo wote walimsikia.

"Mtu akianguka, anainuliwa," akamwambia mumewe. "Anapewa pole. Hata mlevi akianguka mtaroni hupewa pole. Wewe umesema hukuanguka, ulishuka mwenyewe. Basi panda mwenyewe. Mimi sina cha kukupa."

Akafunga kanga yake vizuri, akatoka. Nilimfuata. Nyuma yetu nilisikia Mwenyekiti anarudi kwenye habari ya bendera.

Msidhani alimtupa. Angemtupa ingekuwa rahisi. Alimwogesha, alimlisha, alimfungia vifungo, alimbadilishia bandeji kila asubuhi. Lakini pole hakumpa. Radi akiguna kwa maumivu, yeye huendelea kufunga. Usiku akigeuka vibaya na kulia "uwi", yeye humrekebishia mto na kulala. Majirani walikuja na matunda kumpa pole, na Radi, kwa kuwa alikuwa ameshikilia uongo wake kwa mkono uliobaki, aliwaambia mlangoni kwamba hakuna aliyeanguka hapa. Wengine waliondoka na matunda yao. Nami nilikuwa nafika kila siku baada ya kazi, namwona amekaa kwenye kiti, mzima wa jina, hana pole hata moja duniani. Sikujua mtu anaweza kukonda kwa kukosa neno. Nilifurahi kidogo, na kidogo nilitaka kulia, na hasira zikazidi vyote viwili.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa pale, nasaidia kupanga skonzi, mama msimamizi wa jiko la shule alipobisha. Ni mama mnene, mwenye haraka, anayehesabu vitu vya watu kwa macho tangu mlangoni. Akatazama uani, akaliona pipa.

"Tanuri liko wapi?"

"Bado kidogo, mama," wifi akasema. "Mwili uko tayari. Zimebaki sehemu."

"Mwanangu, shule inafunguliwa. Kuna mwokaji mwingine ananifuata kila siku." Kisha akamwona Radi kwenye kiti, amefungwa bandeji. Uso wake ukalainika. "Kumbe! Mumeo amepatwa na nini? Mbona hukuniambia kama nyumba ina tatizo? Kama mtu ameumia hilo ni jambo jingine, ningeona namna ya kukusubiri."

Nikamtazama wifi. Sema, nikasema moyoni. Sema tu, mwanamke, umalize. Wifi alimgeukia mumewe, akamngoja. Alimpa nafasi ya kutosha kabisa. Radi alitazama sakafu aliyoiweka mwenyewe.

"Hakuna kilichompata, mama," wifi akasema. "Muulize mwenyewe."

Mama msimamizi akamtazama Radi. Radi alikuwa bado anahesabu vigae.

"Haya," mama akasema, na ule ulaini ukaondoka usoni. "Kama hakuna kilichowapata, sina sababu ya kungoja. Wiki ijayo nikija nikakuta pipa, nampa mwenzako."

Alipoondoka, wifi alirudi kwenye beseni. Hakumlaumu. Alikanda tu, lakini alikuwa anakanda donge ambalo lilishakandwa, na machozi yalikuwa yanaingia kwenye unga. Ni mara ya kwanza nilimwona akilia. Radi naye alimwona.

Akainuka kwenye kiti. Akavaa viatu kwa mkono mmoja, akashindwa kufunga kamba, akatoka na kamba zinaburuta. Wifi hakuinua uso. Mimi nikajifuta mikono nikamfuata, maana simwamini.

Duka la vipuri Jumamosi hujaa wao kwa wao. Walikuwepo kinyozi, mwalimu wa hesabu, mwenye vyuma, na wengine, wamezunguka pikipiki ya mtu wakisifu bomba lake la moshi. Radi aliingia na kamba zake za viatu, akasimama katikati.

"Nimeanguka," akasema.

Mtu mmoja alidondosha spana. Kinyozi akakumbatia tangi la pikipiki kwa mikono miwili.

"Radi, ndugu yangu," Mwenyekiti akasema, "si lazima..."

"Nimeanguka. Shindano la tatu, kona ya mwisho. Nilitaka kumpita wa sita na sikuwa na uwezo wa kumpita. Pikipiki haikulala. Haikuwa na usingizi. Mimi ndiye niliyeanguka, nimevunjika mtulinga, nimekosa kazi ya zahanati. Nimeanguka."

Mwalimu wa hesabu alikuwa amefumba macho. Yule mwenye vyuma mguuni, sijui kwa nini, ndiye pekee ambaye hakugusa kitu. Alikuwa anamtazama Radi kama mtu anayemtazama mwenzake akila chakula ambacho yeye amekatazwa.

Nikasubiri radi ya kweli ishuke, paa la duka liporomoke. Nje mtu alikuwa anauza karanga. Basi, ndiyo hayo tu yaliyotokea.

"Masharti yametimia," nikamwambia Mwenyekiti. "Leta sanduku."

Kufuli ya lile sanduku ilikuwa imeshika kutu mpaka ufunguo haugeuki. Ilibidi muuza vipuri achukue kopo la dawa ya kutu kutoka rafu yake mwenyewe, aipulizie, tungoje. Alitoa fedha kwa ncha za vidole kama anayetoa panya kwenye mtego. Nilizihesabu mimi, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu nilitaka waone namna mtu mwenye akili anavyozishika. Zilitosha mlango, rafu na matofali. Mstari mmoja wa bajeti uliwashinda watu wazima wote hao, na tungeweza kuumaliza mezani siku ile ya kwanza.

Nilimfungia kamba za viatu tukiwa njiani kurudi, maana angeanguka tena, na sikuwa na nafasi ya mkutano mwingine.

Wifi alikuwa palepale kwenye meza. Radi aliweka fedha kando ya beseni. Wifi hakuzitazama.

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Uliwaambia nini?"

Alikuwa anajua. Kila mtu alikuwa anajua. Lakini alisimama na mikono yake ya unga akingoja, na nikaelewa kwamba tanuri ni tanuri, na hili lilikuwa jambo jingine.

"Nimeanguka," Radi akasema. Kule dukani alikuwa amelisema kama mtu anayegombana. Hapa sauti ilimkatika katikati. "Nimeanguka, mke wangu, na ninaumia."

Wifi alizunguka meza. Aliweka kiganja chake begani pake, juu ya bandeji, taratibu, pale pale palipovunjika.

"Pole," akasema. "Pole, mume wangu. Pole sana."

Mdogo wangu akalia. Alilia kwa sauti, kamasi na yote, na kichwa chake kikawa kwenye shingo ya mkewe, naye anampigapiga mgongoni kwa mkono wa unga, pole, pole, kama anazilipa zote alizokuwa amezikalia. Nilijua tangu mwanzo kwamba radi hii ingeishia kuwa mvua tu.

Baadaye aliinua uso, macho mekundu, akanitazama mimi. Alikuwa anangoja zamu yangu. Lakini mimi pole yangu alikwisha kuitupa kwenye tope mbele ya watu. Nikamwambia bandeji yake imejaa unga, akae chini nimbadilishie.